Kyela Haionekani Dirishani mwa Gari

Wahenga walituusia tutembee tuone. Hawakusema tutembee tuhesabu kilomita, wala hawakusema tulale katika nyumba nzuri za wageni kisha turudi na majalada kwapani. Kuona ni kazi, na kama zilivyo kazi zote ina taratibu zake. Yataka subira, yataka adabu mbele ya mwenyeji, na yataka mtu akubali kukaa mahali pamoja mpaka watu wamzoee na waendelee na shughuli zao kana kwamba hayupo. Hapo ndipo nchi inapoanza kujieleza yenyewe, bila ya risala na bila ya mkalimani.

Viongozi na watumishi wa umma siku hizi husafiri sana, na hilo pekee si la kulaumiwa. Lakini safari nyingi ni za dirishani. Vioo vya gari hufungwa kwa ajili ya vumbi, mkutano hufanyika ukumbini, risala husomwa, zawadi ya mchele hupakiwa nyuma, na msafara huondoka kabla jua halijazama. Taarifa inayoandikwa baada ya hapo huweza kuwa ya kweli kwa kila neno lake, na bado ikawa haina watu ndani yake.

Juni iliyopita nilikaa siku kumi na mbili katika Wilaya ya Kyela, Mkoa wa Mbeya, kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Sikutumwa na ofisi yoyote. Nilikwenda kumzuru ndugu mmoja tuliyesoma naye mafunzo ya uongozi wa Chama zamani, na muda mwingi niliutumia kukaa na kutazama. Nayaandika niliyoyaona kwa ajili ya ndugu zangu wa Unguja na Pemba, ambao kwa wengi wetu "bara" ni neno moja linalofunika nchi yote kuanzia Bagamoyo hadi Kigoma. Nayaandika pia kwa maofisa wa pande zote mbili za Muungano, kwani mengi ya Kyela yanafanana na yetu kuliko tunavyodhani, na hata kasoro zake ni jamaa wa kasoro zetu.

KUTEREMKA KUTOKA UYOLE

Msafiri atokaye mjini Mbeya hufika Uyole, kisha huiacha barabara kuu ya Dar es Salaam na kushika njia ya kusini. Mji wa Mbeya uko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,700 hivi, na mwezi wa Juni baridi yake humkata mtu wa visiwani mpaka mifupani. Barabara hupita mashamba ya viazi, huzunguka ubavu wa Mlima Rungwe, hufika Tukuyu penye chai na migomba, halafu huanza kuteremka kuelekea ziwani, ambako kimo cha maji hakifiki mita 500.

Mteremko huo abiria huusoma miilini mwao. Kila baada ya mwendo mfupi mmoja wao huvua kitu. Huanza skafu, hufuata koti, kisha sweta. Bibi mmoja aliyekuwa mbele yangu alivua vitu vitatu kimoja baada ya kingine, akavikunja kwa utaratibu na kuvitia mfukoni, na tulipofika tambarare alikuwa amebaki na blauzi na kitenge. Akageuka, akaitazama kofia yangu na koti langu lililofungwa mpaka shingoni, akasema, "Shehe, wewe bado uko Tukuyu." Basi zima lilicheka, nami nikavua.

Kyela ni uwanda. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka kutoka milimani na kuutandazia udongo wa rutuba kabla ya kuingia ziwani. Mvua za huku ni nyingi kupita sehemu kubwa ya nchi yetu, na masika yakizidi mito hiyo hufurika hadi mashambani na majumbani. Kwa kuwa ardhi ni bapa, baiskeli ndiyo bwana wa njia. Pikipiki zimekuja na zina wateja wake, lakini baiskeli haijang'oka. Nilimwona mzee amefunga mikungu sita ya ndizi juu ya moja, akiisukuma kwa mkono mmoja wa usukani na mwingine wa kijiti kilichofungwa nyuma, na kila aliyepishana naye alisimama kumwamkia.

Maamkizi hayo yastahili neno. Watu huulizana kama wamelala salama, "ugonile," na neno "ndaga," ambalo ndilo asante yao, huenda na kurudi mara nyingi kabla mazungumzo hayajaanza. Mdogo huinama mbele ya mkubwa. Sisi wa visiwani twajisifu kwa maamkizi marefu, na twafanya vyema kujisifu; lakini pale Kyela niliwaona watu wawili wenye haraka, kila mmoja na mzigo wake, wakitimiza maamkizi yote hadi mwisho kabla ya kuachana. Hakuna aliyeyakata kwa kutazama simu.

BARAZA LA WANYAKYUSA

Wanyakyusa wana neno "ukwangala." Maana yake ni raha ya kukaa pamoja na wenzako, kula nao na kuongea nao, na kupata adabu na akili kutokana na kikao hicho. Zamani jambo hili lilikuwa msingi wa makazi yenyewe. Wavulana wa hirimu moja walitoka katika nyumba za wazazi wao wakajenga kijiji chao, wakakulia humo, wakaoa na kuzeekea humo. Monica Wilson wa Afrika Kusini na mumewe Godfrey, waliokuwa wataalamu wa mila, waliishi na Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, na kitabu alichokitoa bibi huyo mwaka 1951 juu ya vijiji hivyo vya hirimu alikiita Good Company, yaani hilo hilo la ukwangala. Utaratibu wa vijiji vya hirimu umekwisha kufifia. Tabia iliyokuwa ndani yake ingali hai.

Niliitambua jioni ya kwanza, chini ya mwembe ulio karibu na soko la Kyela mjini, penye benchi mbili na ubao wa bao. Mtu wa Unguja hahitaji kufundishwa pale ni mahali gani. Ni baraza. Tofauti ni kwamba baraza letu ni la saruji na limeshikamana na ukuta wa nyumba ya mtu, na lao lina kivuli cha mti na halina mwenyewe. Kwa mengine yote ni mamoja: mzee mwenye neno la mwisho, kijana mwenye habari za mpira, fundi aliyeacha kazi yake nusu, na mtu mmoja asiyesema kitu ila anajua kila kitu.

Walinikaribisha bila ya kuuliza shughuli yangu. Siku ya pili waliuliza. Siku ya tatu wakaanza kunieleza shida zao, na siku ya nne wakaendelea kuzungumza wao kwa wao kama nisipokuwapo, na hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya faida. Mtoto wa mmoja wao aliniuliza kama kisiwa huelea, na kama usiku tunalala bila ya hofu. Nilimjibu kwamba kisiwa kimesimama juu ya mwamba kama mlima wao wa Rungwe, ila sehemu kubwa imezama. Alifikiri kidogo, akasema basi hata Rungwe ni kisiwa ambacho maji yake yameondoka. Sijasikia ofisa yeyote akiufafanua Muungano wetu kwa ufupi wa namna hiyo.

KAKAO NA KARAFUU

Kyela ni mahali pa mpunga, ndizi, michikichi na kakao, na katika hayo kakao ndiyo iliyonikalisha muda mrefu zaidi. Wilaya hii pamoja na jirani yake Rungwe ndizo zitoazo sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania. Mti wenyewe ni mfupi, hupenda kivuli, na matunda yake huota moja kwa moja kwenye shina kama maboga madogo yaliyobandikwa. Yakiiva hupasuliwa, na ndani mna mbegu zilizovikwa nyama nyeupe yenye utamu mkali ambayo watoto huifyonza.

Mbegu hizo hazianikwi siku hiyo hiyo. Hurundikwa katika majani ya migomba au katika masanduku ya mbao, hufunikwa, na huachwa zichachuke kwa siku tano hadi saba zikigeuzwa geuzwa. Rundo hupata joto mpaka ukitia mkono unautoa upesi, na hutoa harufu kama ya siki. Baadaye hutandazwa juani juu ya vichanja au majamvi kwa muda wa wiki moja au zaidi, mpaka mbegu igeuke rangi ya udongo na ivunjike kwa mlio. Ladha ya chokoleti huzaliwa katika siku hizo za kuchachuka. Mbegu iliyonyimwa siku hizo haina ladha, hata ikaushwe vizuri vipi.

Mtu wa Pemba akitazama kazi hii machozi hayako mbali. Majamvi ni yale yale. Macho ya mama yanayopanda mbinguni kila baada ya muda kutazama wingu ni yale yale, na mbio za kukusanya mvua ya ghafla inapodondoka ni zile zile. Sisi twachambua karafuu tukitenga na makonyo, wao wanachagua mbegu wakitenga na maganda. Mikarafuu ilitoka katika visiwa vya mashariki ya mbali ikaletwa kwetu mwanzoni mwa karne ya 19. Kakao nayo ni mgeni, asili yake Amerika ya Kusini. Wote wawili ni wageni waliogeuzwa wenyeji kwa jasho la mkulima.

Na shida ya mkulima ni moja. Nilikaa asubuhi nzima mbele ya kituo cha kununulia cha chama cha ushirika cha msingi. Kakao sasa huuzwa kwa mnada katika mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hufikisha mbegu kavu, hupimiwa, hupewa stakabadhi, mzigo hukusanywa ghalani, wanunuzi hushindana, na malipo hufuata. Utaratibu huo una manufaa makubwa. Umempa mkulima bei inayotangazwa hadharani badala ya bei anayoinong'onezwa mlangoni kwake, na mwaka 2024, mavuno ya Afrika Magharibi yalipoharibika na bei ya kakao katika soko la New York ikapita dola 10,000 kwa tani, habari hizo zilimfikia mkulima wa Kyela kupitia mnada.

Lakini nilitazama macho ya watu kwenye mzani. Katika kumi, tisa hawakutazama mshale. Waliutazama mkono wa karani. Mama mmoja aliyefunga kitenge cha buluu alisimama kimya mpaka karani aliposoma, "Kilo 41." Hapo akafungua fundo la kitenge chake, akatoa kipande cha karatasi, akakisoma, akakikunja tena. Nyumbani alikuwa amekwisha kupima kwa mzani wa duka la jirani. Karatasi ilisema 41. Alicheka kwa sauti, akamwambia karani "ndaga," na foleni yote nyuma yake ikalegea mabega. Kwa muda wa saa nzima iliyofuata watu waliutazama mshale.

Ndugu maofisa, imani ya mwananchi juu ya ushirika wake haijengwi na mabango. Inajengwa na karatasi ya aina hiyo ikilingana na mzani, leo na kesho na mwakani. Na karatasi moja isiyolingana huenea wilaya nzima kabla ya jua kuchwa.

Jioni chini ya mwembe nilisikia upande wa pili. Wapo wanaouza kakao ikiwa mbichi, gizani, kwa mtu anayekuja na pikipiki na fedha taslimu. Mbegu mbichi ikikauka hubaki theluthi hivi ya uzito wake, na mnunuzi huyo anajua hesabu hiyo kuliko muuzaji. Serikali imekataza, na imekataza kwa haki, kwa kuwa kakao mbichi iliyokaushwa ovyo huharibu jina la kakao yote ya Kyela. Nilimwuliza mzee mmoja kwa nini basi watu wanauza. Alinijibu pole pole, "Mwanangu, mnada ni mzuri. Lakini homa ya mtoto haingojei mnada."

Neno hilo latosha kuwa somo la semina nzima. Kati ya siku ya kupima na siku ya kulipwa pana pengo, na katika pengo hilo ndimo mlanguzi anamoishi. Sisi wa visiwani twamfahamu vizuri. Miaka ambayo bei ya karafuu ilikuwa haimridhishi mkulima, magunia yalivuka bahari usiku kwenda Mombasa, na tulipeleka askari kwenye fukwe. Bei ilipopandishwa ikamfaa mkulima, njia hizo za usiku zikapungua wasafiri. Askari ana kazi yake, lakini hawezi kuziba pengo ambalo mhasibu ameliacha wazi.

Kwa mpunga mambo ni hayo hayo kwa kipimo kingine. Mchele wa Kyela unanukia hata kabla haujapikwa, na akina mama wa Unguja wanaokwenda Darajani kabla ya Sikukuu hutafuta "mchele wa Mbeya" kwa pua zao. Wachache wajua kwamba mpunga huo aghalabu hutoka shambani kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa mpaka mdomo ukashindwa kufunga, kisha likaongezewa kilemba cha kamba na majani. Mkulima hulipwa gunia moja, kilemba ni sadaka. Sheria ya vipimo inakataza. Niliona lumbesa nne zikipakiwa mchana kweupe, na waliokuwa wakizipakia hawakuwa na wasiwasi wowote. Mlaji wa visiwani, anayeununua mchele huo kwa kilo, ana haki ya kujua kwamba kilo nyingine zilianza safari bila ya kulipiwa.

GULIO LA JUMAMOSI

Mashariki mwa wilaya, Milima ya Livingstone imeporomoka moja kwa moja hadi majini. Hapo ndipo Matema, na kando yake Lyulilo, ambako kila Jumamosi kuna gulio. Wakisi wa Ikombe huleta vyungu kwa mitumbwi. Wafinyanzi ni wanawake. Huvifinyanga kwa mikono, huvisugua mpaka ving'ae, na huvitia nakshi za rangi nyeupe na nyekundu kabla ya kwenda kuvichoma kwa moto wa wazi. Vyungu hivi hufika Tukuyu, Mbeya na mbali zaidi.

Mtumbwi uliojaa vyungu hauruhusu haraka. Wanaume hupiga kasia taratibu kama waliopakia mayai. Vyungu vikishushwa mchangani, mnunuzi hukigonga kimoja kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Nilimwuliza mama mmoja anasikiliza nini. "Kizima kinalia, baba," alisema. "Chenye ufa kinakohoa." Kisha akanigongea viwili, na tofauti niliisikia.

Mnunuzi mkubwa siku ile alikuwa na lori. Alitaka vyungu themanini, na alitaka bei ya jumla. Wanawake watano waliketi pamoja, wakazungumza kwa Kikisi kwa sauti ya chini, wakarudi na bei moja. Akamwendea wa sita aliyekaa mbali. Wa sita akamtajia bei ile ile. Akalipa. Hawana cheti cha ushirika wala mhuri, lakini mtu akitaka kujua ushirika ni kitu gani, afike Lyulilo siku ya Jumamosi saa mbili asubuhi.

Pembeni palikuwa na samaki. Usipa, dagaa wa ziwa hili, ulitandazwa kama shanga za fedha. Mbasa, anayepanda mitoni kutaga mayai, alikuwa mmoja tu, na watu walikuja kumtazama zaidi ya kumnunua. Wavuvi wanasema zamani alikuwa wa kila siku. Nyavu zikizuia midomo ya mito wakati wa kupanda kwake, atabaki wa hadithi. Na juu ya ziwa, mbali, nguzo ya moshi mweusi ilisimama pasipokuwa na moto. Ni vijidudu vya ziwani, mamilioni yake, wanaopanda hewani kwa pamoja. Upepo ukiwasukuma nchi kavu watu huwakusanya, huwafinyanga mikate na kuwala.

BANDARINI

Upepo wa Juni kule ziwani hutoka kusini, na ndugu zetu wa upande wa Malawi huuita mwera. Kwa kuwa ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, upepo huo hukusanya mawimbi njia nzima na kuyatupa kwenye ufuko wa kaskazini. Ni jamaa wa kusi letu. Siku ukivuma, mtu aliyefumba macho Matema aweza kuapa kwamba yuko Makunduchi, mpaka aonje maji.

Vijiji vingi vilivyo chini ya Milima ya Livingstone hutegemea maji kuwa barabara yao. Kwa hiyo meli ya abiria na mizigo ya MV Mbeya II, iliyoanza kazi mwaka 2021 na kubeba abiria 200, si anasa. Nilisimama bandari ya Kiwira nikitazama watu wanavyopanda kwenda Lupingu, Manda, Liuli na Mbamba Bay. Karani aliandika majina. Mama mmoja kijana alitaja jina lake akataka kupita. Karani akauliza jina la mtoto mgongoni. Mama akashangaa: mtoto wa miezi minne, jina la nini? Karani akasema hatapita mtu asiyeandikwa. Jina likatajwa, likaandikwa.

Waliokuwa nyuma waliguna kwa kucheleweshwa. Mimi sikuguna. Sisi wa visiwani tuliamka tarehe 10 Septemba 2011 tukasikia habari za MV Spice Islander, na tarehe 18 Julai 2012 tukasikia za MV Skagit. Ile ya kwanza, orodha ya abiria haikulingana na watu waliokuwamo, na ziko familia ambazo hadi leo ndugu zao hawana kaburi wala mstari katika daftari. Karani yule wa Kiwira pengine hajawahi kufika Nungwi. Lakini aliandika jina la mtoto mchanga, na kwa kuandika hivyo alitufanyia heshima asiyoijua.

MPAKANI

Kasumulu ni daraja juu ya Mto Songwe, na ng'ambo ni Malawi. Wangonde wa kule na Wanyakyusa wa huku husikilizana lugha bila ya mkalimani, na wengi ni ndugu wa damu. Wanawake huvuka na mchele, hurudi na bidhaa nyingine, na shilingi na kwacha hubadilishana mikono haraka kuliko macho yanavyofuata. Mto wenyewe hubadili njia masika yakiwa makubwa, ukamwacha mtu alale katika nchi moja na shamba lake liamke katika nchi nyingine.

Hapa mtu wa Zanzibar ana jambo lake mahsusi. Mkataba uliotiwa saini na Uingereza na Ujerumani tarehe 1 Julai 1890 ndio ulioiweka Zanzibar chini ya himaya ya Waingereza. Katika mkataba huo huo, wakubwa wale walichora mpaka unaofuata ufuko wa Ziwa Nyasa hadi mdomo wa Songwe. Mstari huo ndio chanzo cha ubishi wa mpaka kati yetu na Malawi, uliochacha mwaka 2012 na kupelekwa mbele ya wastaafu wa Afrika wakiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji. Hakuna mtu wa Unguja aliyeulizwa, wala mtu wa Kyela. Kalamu moja, siku moja, ilitupangia sote, nasi tukawa hatujuani.

Na yatupasa tukumbuke pia waliotoka kwetu. Karonga, ng'ambo ya Songwe, ndiko Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alikojitangaza Sultani wa Wangonde katika miaka ya 1880, na ndiko watu wake walikowaua Wangonde wengi kwenye maji ya Kambwe mwaka 1887, mpaka Waingereza walipomnyonga Desemba 1895. Kofia na kanzu vilifika kwenye ufuko huu vikiwa pamoja na bunduki. Leo mwenye kofia hukaribishwa kwenye benchi chini ya mwembe na kuitwa Shehe. Ukarimu huo una historia ndani yake, na mgeni mwenye akili hauchukulii kuwa ni haki yake.

YA KUFANYA

Ndugu msomaji, gazeti si mahali pa kuandika mapishi ya ndizi tu. Ninayo mambo matatu kwa wenye mamlaka.

La kwanza, pengo kati ya mzani na malipo lizibwe. Vyama vya ushirika vya kakao, na wenzetu wa karafuu kadhalika, vitafute namna ya kumlipa mkulima sehemu ya fedha siku ile ile anayopima, iliyobaki ifuate mnada. Homa ya mtoto ikipata mlipaji wa halali, mwenye pikipiki wa usiku atakosa biashara.

La pili, kipimo kilindwe shambani kama kinavyolindwa sokoni. Ofisa wa vipimo aende mahali lori linapopakiwa, si mahali linaposhushwa.

La tatu, safari zibadilike. Wakulima kumi wa karafuu kutoka Wete na Mkoani wakae wiki mbili Kyela msimu wa kuanika kakao, na wenzao kumi wa Kyela waje Pemba wakati wa karafuu. Wasipewe ukumbi wala risala. Wapewe jamvi na wenyeji. Nao maofisa watakaowasindikiza wakae chini ya mwembe siku nne kabla ya kushika kalamu, kwa maana siku tatu za mwanzo watu huzungumza na mgeni, na siku ya nne huzungumza wao kwa wao. Gharama yake haitapita ile ya semina moja ya hotelini, na wote ishirini watarudi makwao wakijua jina la mtu mmoja wa upande wa pili, watu wangapi anawalisha, na mzani wake unasema kweli au la.